Kiubavu, mkononi au wima: namna tatu za kumlisha mtoto njiti kwa chupa

"Nesi, nimshikeje?"

Katika wodi ya watoto wachanga hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, siku mpira wa kulishia unapotolewa puani na mama akakabidhiwa chupa. Kiasi cha maziwa hakiulizwi, kimeandikwa kwenye chati. Mtoto wa kilo 1.8 anayepewa mililita 160 kwa kila kilo atakula mililita 288 kwa saa 24, yaani mililita 36 kila baada ya saa tatu. Hivyo ni kama vijiko saba vya chai. Mtu mzima anavimaliza kwa mafunda mawili. Kwa mtoto huyu ni kazi inayoweza kuchukua nusu saa, na namna alivyoshikwa inaweza kuirahisisha kazi hiyo au kumchosha kabla hajafika kati.

Majibu anayopata mama hayafanani. Nesi wa zamu ya asubuhi anamwambia amlaze kiubavu. Bibi mzaa mama, aliyekuja na chupa ya uji saa za kuona wagonjwa, anasema mtoto hupakatwa, ndivyo walivyolelewa wote. Mwenzake wa kitanda cha pili ameelekezwa amketishe. Hakuna kati yao anayesema uongo. Nimemwandikia huyo mama aliyekaa katikati yao, na baba pia, maana akina baba wanaokuja kulisha wameongezeka na kila nikimwona mmoja na chupa mkononi moyo wangu unafurahi.

Kabla ya chupa, kikombe

Niliseme hili mapema ili mtu asije akadhani namsukuma kununua chupa. Kwa njiti ambaye bado hawezi kunyonya titi lakini anaweza kumeza, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikombe kidogo au kijiko, na katika hospitali zetu nyingi ndipo tunapoanzia. Kikombe kinaoshwa na kuchemshwa bila shida, hakina kona za kuficha maziwa yaliyoganda, na mtoto anaramba kwa mwendo wake mwenyewe.

Hata hivyo chupa zipo, na zitaendelea kuwepo. Yuko mama aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Yuko mtoto aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa, analelewa na shangazi. Yuko anayemwaga nusu ya kila kikombe mpaka uzito unagoma kupanda. Yuko mama anayerudi kazini mtoto akiwa bado mdogo, anakamua asubuhi na kumwachia dada. Yanayofuata ni kwa ajili ya hao, baada ya kukubaliana na wanaomhudumia mtoto kwamba chupa ndiyo njia yao kwa sasa. Ndani ya chupa yakiwemo maziwa ya mama yaliyokamuliwa, heri zaidi.

Tunapima kwa vigezo gani

Kila mtoto anapomeza, pumzi husimama kidogo. Sisi wakubwa tukinywa chai hatulioni hilo. Kichanga anayenyonya maziwa yanayotoka vizuri huvuta kama mara moja kila sekunde, na kwa wengi kila mvuto unafuatwa na kumeza. Maziwa yakija tele, anameza mfululizo na nafasi ya kuvuta hewa inabanwa. Aliyezaliwa kwa wakati wake anakuja duniani akiujua mpangilio huo wa nyonya, meza, pumua. Njiti huanza kuupanga kwenye wiki ya 32 hadi 34 ya ujauzito, na wengi bado wanaukosea mpaka wanapokaribia wiki ya 37, wengine hata zaidi. Hesabu wiki za mimba, usihesabu siku tangu azaliwe: aliyezaliwa wiki ya 30 na leo ana wiki nne ni mtoto wa wiki 34, hata kama jirani anamwona ana mwezi mzima.

Kwa hiyo ninapolinganisha mikao natazama mambo manne. La kwanza ni maziwa: yanashuka kwa kasi gani, na yanakwenda wapi mtoto akiacha kumeza. La pili ni pumzi, pamoja na shingo na kifua, kwa sababu njia ya hewa ya njiti ni laini na ikikunjwa inaziba upesi. La tatu ni mlishaji: je, anauona uso wa mtoto, na mkono wake utavumilia dakika 20 hadi 30? La nne ni baada ya chupa, habari ya kucheua na maziwa kupanda.

Kuhusu utafiti, mikao hii imelinganishwa na wataalamu mara kadhaa, zaidi kati ya kulala ubavu na kupakatwa. Tafiti nyingi zilihusisha watoto wachache. Baadhi ziliona oksijeni na mapigo ya moyo yakitulia zaidi kiubavu, nyingine hazikuona tofauti ya maana. Ndiyo sababu wodi mbili nzuri zinaweza kukufundisha mambo mawili tofauti.

Mkao wa kwanza: kiubavu, kichwa kikiwa juu

Unaketi kwenye kiti chenye mgongo, unaweka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande kidogo kuliko nyonga. Juu ya mapaja unaweka mto mwembamba au kanga iliyokunjwa. Mtoto amefungwa kanga au shuka jepesi, mikono imeletwa mbele karibu na mdomo. Unamlaza kwa ubavu, kichwa upande wa magoti yako, makalio yakigusa tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja, na kichwa kiwe juu ya nyonga. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mtoto akilalia ubavu wake wa kushoto uso unaelekea mkono wenye chupa. Kiganja cha kushoto kinashika shingo na mabega kwa nyuma.

Maziwa. Hapa ndipo mkao huu ulipo na nguvu. Chupa inalala sambamba na sakafu, maziwa yanajaa nusu ya chuchu, na hayana mteremko wa kukimbilia kooni. Mtoto akinyonya yanakuja, akiacha yanakaa. Yakizidi mdomoni yanajikusanya kwenye shavu la chini au yanatiririka nje kwenye kona ya mdomo. Mama wengi huhuzunika kuona maziwa yakilowesha kanga, hasa aliyehangaika saa nzima kuyakamua. Huzuni hiyo naielewa. Lakini tone lililotoka nje halikuingia kwenye mapafu. Likitoka tone moja moja, sawa. Yakitoka mfululizo, chuchu hiyo ni ya kasi kuliko uwezo wake, ibadilishe.

Pumzi. Kifua hakibanwi na mkono wa mtu, mbavu zinafunguka na kufunga, shingo inanyooka yenyewe kama umepanga sikio, bega na nyonga. Ukiweka vidole viwili mgongoni kwake utauhisi mwendo mzima.

Nakumbuka bibi mmoja aliyesimama mlangoni akitazama mjukuu wake akilishwa hivyo. "Sista, huyo anakula au analala?" Nikamwamkia, "Shikamoo bibi. Anakula." Akaitika marahaba, akasema kwao mtoto halishwi akiwa amelala, atapaliwa. Sikubishana naye. Nilimwomba anawe mikono, nikakichukua kiganja chake nikakiweka juu ya mbavu za mtoto wakati mama yake analisha. Tulikaa kimya. Vuta vuta vuta, meza, kisha pumzi tatu ndefu, mbavu zikapanda na kushuka chini ya kiganja. "Kifua kimetulia," akasema mwenyewe. Kesho yake yeye ndiye aliyekuja na kigoda kutoka nyumbani.

Mlishaji. Ugumu uko hapa. Mkao huu ni mgeni kwa wengi, unahitaji kufundishwa mara mbili tatu, unahitaji kiti na kigoda, na kwenye benchi la kliniki au ndani ya daladala hauwezekani. Uso wa mtoto unauona kwa upande tu. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, kuinama kumtazama ni adhabu, ingawa mto ukipanda juu kidogo husaidia.

Baada ya chupa. Kumcheulisha kunahitaji umwinue, na ukimwinua ghafla maziwa yanaweza kurudi. Fanya taratibu. Na hapa sina budi kukaza neno: ubavu ni wa kulia chakula tu, akiwa macho na mikononi mwako. Akimaliza na kulala, alazwe chali mahali palipo bapa na pagumu, bila mito. Nimekuta mama aliyeelewa kwamba mtoto wake "ni wa kulala ubavu" akamwekea kanga mgongoni usiku kucha ili asigeuke. Hatari hiyo tuisahihishe kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Unamfaa nani? Anayeanza chupa, mwenye wiki 33 hadi 36 za mimba, anayechoka haraka, aliyekaa kwenye oksijeni muda mrefu, au ambaye rangi na mapigo ya moyo vinabadilika katikati ya kulishwa. Pia anayejifunza titi kwa wakati huohuo, kwa sababu kwenye titi nako analala ubavu.

Mkao wa pili: kupakatwa mkononi

Huu kila mtu anaujua. Kichwa kwenye kona ya kiwiko, mgongo juu ya mkono, mwili ukielekea kuwa chali, uso ukitazama juu.

Maziwa. Chupa ikiinamishwa kama tulivyozoea kuona kwenye picha, maziwa yanashuka kwa uzito wake na kuangukia nyuma ya ulimi, mtoto akitaka asitake. Aliyekomaa anamudu. Njiti analazimika kumeza ili asipaliwe, na akimeza hapumui. Lakini unaweza kuubadilisha mkao huu pakubwa. Inua kichwa mpaka awe nusu ya kuketi, shusha kitako cha chupa mpaka ikaribie kulala, na kila baada ya mivuto mitatu hadi mitano inamisha chupa chini ili maziwa yaondoke kwenye chuchu, chuchu ibaki mdomoni. Anavuta pumzi zake, anaanza tena, unarudisha.

Pumzi. Angalia makosa mawili. Kiwiko kikisukuma kichwa mbele, kidevu kinagusa kifua na koo linakunjika. Mkono ukichoka, kichwa kinaanguka nyuma, koo linakazana na kumeza kunakuwa kugumu. Kati ya kidevu na kifua kuwe na nafasi ya kupitisha kidole.

Nilikuwa na miaka miwili kazini siku nilipompakata mtoto wa wiki 34, chupa imeinama, huku nikitazama saa ya ukutani kwa sababu wenzake wanne walikuwa wanasubiri. Alikuwa anavuta kwa bidii, mapovu yanapanda kwenye chupa, nami nikajisemea leo amekuwa hodari. Nilipomshushia macho, nyusi zilikuwa zimepanda juu, vidole vimetanuka, midomo imezungukwa na rangi ya majivu. Nilitoa chupa, nikamwinamisha mbele juu ya kiganja, nikamsugua mgongo. Akakohoa. Akavuta hewa. Maziwa yaliyokuwa yamejaa mdomoni yakamwagika kwenye mkono wangu. Mtoto alipona na akaenda nyumbani, lakini tangu siku hiyo sijawahi kumlisha njiti huku nikitazama kitu kingine. Wala silaumu mkao peke yake. Chupa ilikuwa imeinama, chuchu ilikuwa ya kasi, na macho yangu hayakuwapo.

Mlishaji. Hapa kupakata kunaipita mikao mingine yote. Hakuhitaji kiti wala kigoda, mwili wako unampa mtoto joto, mnatazamana, na kila anayekuja nyumbani kukusaidia anaujua tayari. Kwa mama aliyetenganishwa na mtoto wiki tano kwa kioo cha mashine ya joto, kumpakata na kuonana naye macho kwa macho ni jambo ambalo siwezi kulipima kwa mililita.

Baada ya chupa. Rahisi. Unampandisha begani moja kwa moja.

Unamfaa nani? Aliyekaribia au kupita wiki 37 za mimba, anayemaliza chupa bila kubadilika rangi, anayejua kuachia chuchu mwenyewe anapotaka kupumua. Wengi huhamia hapa taratibu baada ya kuanza kiubavu.

Mkao wa tatu: kuketishwa wima

Mtoto anakaa pajani kwako kwa upande, kiwiliwili karibu wima. Mkono mmoja unamshika nyuma: kiganja kwenye mabega, kidole gumba na cha shahada vikikamata chini ya kichwa pande zote mbili, karibu na masikio. Usikisukume kisogo. Njiti akisukumwa kisogo hujirusha nyuma na kuachama.

Maziwa. Chupa inalala sambamba na sakafu na maziwa hayamkimbilii. Akiacha kunyonya, yaliyomo mdomoni yanaweza kutoka mbele. Kwa kasi, mkao huu unakaribiana sana na ule wa ubavu.

Pumzi. Hapa inategemea misuli. Njiti mdogo hana nguvu za kiwiliwili, anajikunja kama gunia lililopungua unga: tumbo linabanwa, kidevu kinashuka, pumzi inakuwa fupi. Ukiona anateleza na unamrudisha kila dakika, huo si mkao wake kwa sasa. Aliyekomaa kidogo, kinyume chake, akiketishwa anafungua macho na kuamka, na hilo ni faida kubwa kwa wale wanaosinzia chupa ikiwa haijafika robo.

Mlishaji. Uso wote uko mbele yako, rangi ya midomo na mwendo wa pua unaviona vizuri. Kifundo cha mkono ndicho kinachoteseka. Kina mama waliolisha kwa kikombe hapa wanajifunza upesi kuliko wengine, kwani mkao ni uleule waliouzoea.

Baada ya chupa. Tayari yuko wima, unamwegemeza tu mbele kidogo acheue, na anayetapika kila baada ya kula mara nyingi hutulia zaidi hivi.

Unamfaa nani? Aliyeanza kushika shingo kiasi, anayecheua sana, anayesinzia. Mwenye mdomo sungura au kaakaa lililopasuka huwekwa wima pia, maziwa yasipande puani, ila huyo ana chupa yake maalumu na maelekezo yake. Usimwanzishe bila mtaalamu.

Mambo ambayo mkao hauwezi kuyaokoa

Chuchu ya kasi inaharibu mkao wowote. Namba zinazoandikwa kwenye chuchu hazina kipimo kimoja, na mbili za viwanda tofauti zenye namba ileile zinaweza kupishana sana. Geuza chupa juu chini kabla ya kuanza: yadondoke matone, yasitoke mchirizi. Na tafadhali sana, tundu lisipanuliwe kwa sindano ya moto. Najua inafanyika, najua inafanywa kwa mapenzi, mtoto amalize haraka. Kwa njiti kumaliza haraka ndiko kunakompalia.

Asilishwe akiwa amelala fofofo. Subiri aamke, ageuze kichwa kutafuta, apeleke mkono mdomoni. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, na zikizidi 60 akiwa ametulia, chupa isubiri na mwuguzi aambiwe.

Rangi ya ngozi yetu inaficha mabadiliko, kwa hiyo tazama midomo kwa ndani, ulimi na fizi. Alama nyingine zinakuja mapema kuliko rangi: nyusi kupanda, vidole kutanuka, pua kupanuka, kugugumia kwa sauti, macho kumtoka, maziwa kumwagika mfululizo, au mwili kulegea ghafla kama aliyeshiba. Huyo wa mwisho ndiye anayetudanganya zaidi. Amechoka, hajashiba. Simamisha, mpe pumzi. Usimtikisie chuchu mdomoni wala kuizungusha ili aendelee. Zikitimia dakika 30, acha hata kama zimebaki mililita 10. Zilizobaki zipite kwenye mpira kama bado upo. Kama yuko nyumbani na anashindwa kumaliza mara kwa mara, arudishwe kliniki apimwe uzito.

Wanaotumia maziwa ya kopo wakumbuke kwamba unga ule hauuzwi ukiwa umeuawa vijidudu vyote. Maji yachemke, yatumike yakiwa bado ya moto, nyuzi 70 au zaidi, ndipo chupa ipozwe kwa maji ya baridi kwa nje na kujaribiwa kwenye kifundo cha mkono. Yaliyobaki baada ya kunyonywa yamwagwe.

Kwa hali yako

Siku za mwanzo baada ya mpira. Kama hakuna sababu nyingine, mimi humwanzisha mama kwa ubavu, kisha tunamtazama mtoto kwa milo sita au minane. Akitulia, tunabaki hapo. Akihangaika na kujinyonganyonga, tunajaribu kumwinua zaidi. Jambo moja tu: msibadilishe mkao na chuchu siku moja, hamtajua kilichosaidia.

Mtoto bado yuko kwenye oksijeni, au mapafu yake yaliumia. Ubavu ndio wa kwanza kujaribiwa, na mtu awe karibu na kipimo cha oksijeni kwa milo ya mwanzo. Kupakatwa kusubiri.

Anacheua na kutapika kila mlo. Anza na wima, au ubavu wa kushoto kichwa kikiwa juu zaidi, halafu mshike wima kifuani kwako kama dakika 20 hadi 30. Nafasi ya kangaroo, ngozi kwa ngozi, inafaa sana hapa. Akitapika kijani au damu, au tumbo likijaa na kukaza, hilo si suala la mkao, nenda hospitali muda huohuo.

Anasinzia. Mfungue kanga, mbadilishe nepi, mketishe. Akisinzia kila mlo na mwanzoni hakuwa hivyo, au mwili umekuwa wa moto au wa baridi, usihangaike na mikao, mpeleke.

Mama ananyonyesha na chupa ni nyongeza. Ubavu na chupa iliyolala, ili maziwa ya chupa yasije kirahisi kuliko ya titi. Titi kwanza anapokuwa na nguvu, chupa baadaye.

Mlishaji ni bibi mwenye magoti na mgongo mbovu. Usimlazimishe kwenye kigoda. Mtoto akishakomaa, bibi ampakate akiwa ameegemea ukuta, mto chini ya kiwiko, kichwa cha mtoto kimeinuliwa vizuri, chupa imeshushwa. Kabla hajakomaa, bibi amshike ngozi kwa ngozi na kulisha afanye mwingine.

Walishaji ni wengi: mama, baba, dada wa kazi, shangazi. Chagueni mkao mmoja kwa wiki mbili, na aliyefundishwa hospitali awaonyeshe wengine kwa vitendo, mtoto akiwa mkononi. Maelezo ya simu hayatoshi.

Mapacha. Mmoja mmoja. Anayesubiri alie kidogo au ashikwe na mtu mwingine, na kila mmoja anaweza kuwa na mkao wake. Nimelea pacha mmoja aliyekula kiubavu na mwenzake aliyeketi wima, wa tumbo moja, wa uzito uliopishana gramu 90. Chupa kuegeshwa kwenye mto ili mama apate kumshika wa pili, hapana, hata kwa dakika moja.

Usiku wa manane, umeme umekatika. Washa taa yoyote uliyo nayo kwanza, uiweke mahali inapomulika mdomo wa mtoto bila kumchoma macho. Kisha keti, panga miguu, mlaze au mpakate vile mlivyozoea mchana, na kiganja chako kimoja kikae juu ya mbavu zake tangu tone la kwanza mpaka la mwisho.